Kompyuta Iliyokamuliwa Shelui

Gasto aliiona pesa kabla ya kuona kitu kingine chochote pale Shelui. Haikuwa mfukoni mwa mtu wala mezani. Ilikuwa imejilaza kivulini chini ya malori, imevua mashati, inacheza drafti kwa vizibo vya soda.

Aliyahesabu malori kupitia dirisha la basi: kumi na saba. Kila lori na dereva wake, kila dereva na utingo wake, wote wamesimama kula na kungoja jua lipunguze hasira kabla ya kuupanda mlima Sekenke. Watu thelathini na nne wenye posho ya safari na saa tatu za kupoteza. Na cha kupotezea ni vizibo!

"Hapa panashuka mtu?" aliuliza kondakta.

"Panashuka," alijibu Gasto, ingawa tiketi yake ilikuwa ya Nzega.

Tumtambulishe kwa heshima zake. Gasto alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama bila yeye, na ulimi uliopigwa pasi zaidi. Alikuwa amesoma kompyuta kwa mwaka mmoja na nusu katika chuo cha miaka miwili. Mwaka ule ulikuwa 2004. Soko lilikuwa limefunguliwa siku nyingi, na kupitia mlango huo zilikuwa zimeingia nguo za Wazungu, magari ya Wajapani, na kompyuta zilizochoshwa na maofisi ya Ulaya, ambazo Dar es Salaam ziliuzwa kwa mafungu kama nyanya. Watu walizitamani kuliko walivyozielewa, na hapo katikati, kati ya kutamani na kuelewa, Gasto alikuwa amejenga makazi.

Kazi yake ilihitaji makasha mawili meusi yanayofanana kama mapacha, kila moja dogo kuliko debe la mafuta. Ndani ya moja mlikaa Bibie. Bibie ilikuwa kompyuta ya kuchezea gemu aliyoiunda kwa mikono yake, kifaa kimoja kimoja, mwaka mzima, akilinyima tumbo ili alishe kasha. Ndani ya kasha la pili mlikuwa na feni moja, nyaya zisizokwenda popote, na jiwe la kilo tatu lililovishwa gunia, kwa sababu mnunuzi hupenda kunyanyua. Wateja walionyeshwa Bibie, kisha wakakabidhiwa jiwe. Alikuwa amefanya hivyo Babati, Kondoa na Manyoni, na miji yote mitatu aliipenda kiasi cha kuapa kutoirudia.

Bibie ndiyo iliyokuwa mtaji wake, jembe lake na nusu ya tabia yake njema. Bila Bibie, Gasto alikuwa suruali tu.

Mtu wa kuuziwa alijitokeza mwenyewe. Pembeni mwa barabara palikuwa na mashine ya kukamua alizeti, na mbele yake duka lenye televisheni ya inchi ishirini na moja na mabenchi manne. Mwenye vyote hivyo alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, anaitwa Theodora.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Benchi ni hamsini."

"Hamsini ya nini, mama?"

"Ya kukaa. Ukiegemea ukuta ni mia."

Gasto akalipa mia, akaegemea, akajua amefika nyumbani. Mtu anayeuza ukuta kwa kuegemea atanunua chochote kitakachomruhusu kuuza zaidi.

Hakupoteza muda. Aliomba tundu la umeme, akalipia mafuta ya jenereta, akaichomeka Bibie kwenye televisheni. Mpira ukatokea: nyasi za kijani, wachezaji wenye jasho, mashabiki wanaopiga kelele za kizungu. Akampa utingo mmoja rimoti ya kuchezea. Baada ya nusu saa kule kwenye drafti palikuwa na vizibo peke yake, na dukani hapakuwa na pa kuweka mguu. Dereva mwenye mvi alikuwa anamtukana mlinda mlango aliyemo ndani ya televisheni.

Mama Theodora hakutazama mpira hata mara moja. Alikuwa anatazama nyuso.

"Hiyo bei gani?"

"Hii haiuzwi, mama. Ni kama uniulize bei ya mdogo wangu."

"Mdogo wako hachomekwi kwenye jenereta. Bei gani?"

"Ukweli wa Mungu, haiuzwi. Ila ninaweza kukuundia ndugu yake, baba mmoja mama mmoja. Kadogo hivi hivi, kanakaa kwenye kabati lako la wavu unakofungia pesa, ukifunga duka unakafungia. Laki saba na nusu."

"Nina laki nne na nusu," alisema mama. "Anza kufuta."

Gasto akachana karatasi ya daftari, akaandika orodha. Kutoka chumba cha mashine akatokea mwanamume mmoja, mikono imeloa mafuta mpaka kwenye viwiko, akasimama nyuma ya kiti cha mama bila kusema kitu. Huyo alikuwa Kefa, fundi wa mashine, na kutosema kitu ndiko kulikokuwa kuzungumza kwake kwa kawaida.

"Prosesa," alisoma mama Theodora. "Hiyo ya kazi gani?"

"Ndiyo injini, mama. Lakini sikiliza, mpira hauhitaji injini ya treni. Tutachukua ya mtumba, ya kati. Pesa tuzipeleke kwenye kadi ya picha, maana hiyo ndiyo inayochora nyasi na miguu. Ukibania hapo, wachezaji watakimbia kama wamevaa ndoo."

"Hapo tusibanie. Hii skrini?"

"Si unayo televisheni? Tunatafuta kadi yenye tundu la televisheni, skrini tunaifuta."

"Futa." Mama alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Endelea hivyo hivyo."

"Kadi iwe fupi, ndefu haiingii kwenye kasha dogo. Ramu, yaani kumbukumbu ya kazi, tuweke ya kutosha gemu mbili, si kumi. Hadi diski, yaani ghala lake, iwe ndogo, wewe hutunzi nyaraka za serikali humo. Jenereta yako inabeba nini?"

"Televisheni, taa nne na friji," alisema Kefa. Hiyo ilikuwa hotuba.

"Basi pawasaplai, kile kigawa umeme, ya wastani inatosha."

Hapa itabidi msomaji aniamini: kila neno lilikuwa kweli. Gasto alikuwa amelala njaa akijifunza kipi kinafaa kukaa na kipi, na katika kuchagua vifaa hakuwahi kumdanganya mtu. Aliwadanganya katika kuwapa tu.

"Feni mbili," akamalizia. "Moja ya kuingiza hewa, nyingine ya kuitoa."

"Moja."

"Mama, kasha ni dogo. Litachemka."

"Mimi nachemka humu ndani tangu mwaka themanini na saba na bado nafanya kazi. Moja."

Wakafika laki nne na nusu kamili. Mama Theodora akatanguliza laki mbili, noti moja baada ya nyingine, kila moja akiiaga. Gasto akakunja karatasi.

"Baada ya siku kumi nitakuletea ikiwa tayari, unachomeka tu."

Mama akamwangalia Kefa. Kefa akamwangalia mama.

"Ikiwa tayari?" alisema mama. "Hapana, mwanangu. Utaleta vifaa, kompyuta utaiundia hapa, niko nimesimama. Hapa mkulima haachi gunia lake la alizeti akarudi jioni kuchukua mafuta. Anasimama nalo tangu linamiminwa mpaka tone la mwisho. Hivyo ndivyo tunavyokamua. Siyo kwamba tunakudhania vibaya."

"Tunamdhania kila mtu," alisema Kefa.

Gasto alicheka, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kufanya na mdomo wake. Njia nzima ya kurudi Singida alikotokea hakucheka. Jiwe haliundwi mbele za watu. Mpaka anashuka stendi, alikuwa amepata jibu, na lilimpendeza mpaka akajinunulia chipsi mayai: ataifungua Bibie, avitie vifaa vyake kwenye vimfuko vipya vyenye stika, aviunde upya palepale Shelui. Kompyuta itakuwa ya kweli, macho yao yatakuwa ya kweli. Halafu, baada ya macho kushiba, pacha wake atakuwa mkobani, chini ya meza, anangoja zamu yake.

Siku ya kumi alifika asubuhi. Mashine ya alizeti ilikuwa inanguruma na wakulima wamejipanga na magunia yao. Mzee mmoja, Yohana, alikuwa amekabidhiwa dumu lake. Kabla hajalibeba akaweka nyuma ya kiganja chake ubavuni mwa dumu, kama anayepima homa ya mtoto.

"La baridi hili!" alifoka. "Langu limetoka sasa hivi! Mnanipa mafuta ya nani?"

Kefa alilirudisha bila aibu, akamletea jingine. Mzee akalipapasa, akaguna, akaondoka nalo. Gasto alitabasamu kwa huruma ya mtu wa mjini, akaingia dukani kupanga vimfuko vyake mezani.

Aliiunda Bibie kwa namna ambayo, laiti ungekuwepo, ungemsamehe Babati na Kondoa kwa pamoja. Madereva waliacha chakula. Alishika mazabodi, ule ubao unaobeba vifaa vyote, kwa kingo kama sahani ya moto. Aliketisha prosesa bila kulazimisha, akapaka dawa ya kupoza kiasi cha punje ya mtama, akabana feni, feni moja. Kadi ya picha iliingia ikiwa imebakiza nafasi ya ukucha.

"Ingekuwa ndefu?" aliuliza dereva mmoja.

"Ungecheza kasha likiwa wazi, vumbi la Shelui lingemaliza msimu kabla yako."

Wakacheka. Alikaza skrubu ya mwisho, akawasha, mpira ukatokea, watu wakapiga makofi. Kwa sekunde chache, na hili hakumwambia mtu, Gasto alitamani kazi yake ingekuwa hii tu.

Tamaa hiyo ilipita. Mama Theodora alitaka ijaribiwe mpaka atosheke, na kutosheka kulimchukua muda wa saa mbili za mechi mfululizo. Kasha lilianza kutoa joto la kikaango. Hatimaye mama akasema, "Haya. Nimeona."

"Sasa mama, sikiliza. Kuna gundi humo ndani. Lazima ikauke siku mbili, isiguswe, isiwashwe. Ukiwasha kesho, mimi simo."

"Siku mbili bila mapato?"

"Mama, ni gundi."

Mama akaingia chumba cha ndani kuchukua laki mbili na nusu zilizobaki. Kefa akatoka kuzima jenereta. Televisheni ikazimika, madereva wakageuka kudai mechi zao, na katika zile sekunde nne kitambaa kilishuka juu ya kasha, kasha likashuka chini ya meza, na pacha wake akapanda. Kidole hakikuteleza. Mama aliporudi, Gasto alikuwa anakunja nyaya, mkoba umefungwa zipu, uso umetulia.

Alipokea pesa kwa mikono miwili. Mama Theodora akaweka nyuma ya kiganja chake juu ya lile kasha lililofunikwa, akakiacha hapo kwa muda.

Ameipenda, aliwaza Gasto, na moyo wake ukaguswa kidogo.

"Karibu chakula," alisema mama. "Kuku yuko tayari."

"Nashukuru sana, mama, basi litaniacha."

"Fundi anamaliza kazi kwangu, anaondoka na njaa? Majirani waseme nimekudhulumu?"

Gasto alinyanyua mkoba wake ili waende wote. Mama akasimama.

"Na mkoba nao unakula ugali?"

"Uache tu, kaka," alisema Kefa, aliyekuwa amerudi. "Hapa hakuna mwizi."

Kung'ang'ania mkoba mbele ya maneno hayo kungekuwa kukiri. Akauacha. Alichagua kiti ambacho kingemwezesha kuona ukanda wa ule mkoba kupitia mlangoni, na aliuona wakati wote wa kula, isipokuwa aliponawa mikono, mara ya kwanza kabla ya ugali na mara ya pili baada yake, kwa kuwa mama alisisitiza kummiminia maji mwenyewe, taratibu sana, kwenye bakuli lililokuwa upande wa pili wa chumba.

Kuku alikuwa wa kienyeji, mgumu kidogo na mtamu kupita kiasi. Gasto aliwaaga kwa shukrani za dhati, akadandia basi la Singida akiwa na laki nne na nusu za mama Theodora, mkoba mapajani, na wimbo fulani mdomoni.

Basi lilipoanza kukata kona za Sekenke, likilia kwa gia ndogo, mkoba ulisema: go.

Gasto akaacha wimbo.

Kona ya pili: go-go.

Bibie haikuwa na kitu cha kugonga. Kila kifaa alikuwa amekikaza mwenyewe, asubuhi ileile, mbele ya mashahidi arobaini. Alifungua zipu kidogo, akaweka jicho kwenye matundu ya hewa. Gunia lilikuwa limeteleza upande mmoja, na jiwe lilikuwa linamtazama.

"Shusha!" alipiga kelele. "Konda, shusha!"

"Hapa? Hapa ni mlimani, kaka. Hapa hata mbuzi hawashuki."

"Shusha!"

Alirudi Shelui kwenye lori la chumvi, amekaa juu ya mzigo, akitunga. Alitunga uongo wa kwanza, akauona una tundu. Akatunga wa pili. Mpaka lori linasimama alikuwa ametunga sita, na kila mmoja ulimpeleka kwenye swali lilelile: mtu unadaije kurudishiwa kitu ulichokuwa umekiiba vizuri?

Duka lilikuwa limefurika. Kitambaa kimeondolewa, kasha limo ndani ya kabati la wavu, limefungwa kufuli, waya unatoka kwenye tundu. Televisheni inameta nyasi. Mama Theodora ameketi na kopo la sarafu mapajani.

"Fundi! Karibu tena. Umesahau kitu?"

"Mama… mmewasha. Na ile gundi?"

"Tumeona imekauka."

"Nimepata wasiwasi njiani, mama. Kuna skrubu moja. Naomba niondoke nayo mpaka Singida, siku mbili tu, niirudishe ikiwa safi."

"Skrubu ikazwe hapa hapa. Niko nimesimama."

Gasto akageukia upande wa Kefa, kwa sababu watu wanyamavu wakati mwingine wana huruma.

"Kaka, naona kama… mikoba… kama vitu vilichanganyika."

"Ndiyo," alisema Kefa. "Ulichanganya."

"Mimi?"

"Ulikuwa na haraka ya basi. Mama alishika lile kasha la mezani, la baridi kama mtungi. Kitu kimekimbia saa mbili, kina feni moja, kiwe baridi? Hapa tukikuta dumu la baridi tunajua si lenyewe. Nikashika mkoba wako, wa moto." Akafuta mikono yake kwa kitambaa. "Tukakurekebishia. Usihangaike, hakuna deni."

Madereva waliokuwa karibu walikuwa wanasikiliza kwa masikio ambayo hayakuwa na haja ya kuegemea ukuta. Mmoja aliuliza kama kaka huyu ni wa Manyoni, maana ana shemeji yake kule aliyewahi kununua kompyuta.

"Hapana," alisema Gasto haraka. "Mimi siyo wa popote."

"Kwa hiyo kuna kilichopungua?" aliuliza mama Theodora, kwa sauti ya mzazi. "Sema, mwanangu. Kama umeonewa, twende kwa mtendaji wa kijiji sasa hivi. Ulete na mkoba, ufunguliwe mbele yake."

Gasto aliuona ule mkutano wote. Alimwona mtendaji akivaa miwani. Aliliona jiwe likiwekwa mezani, likipewa nafasi ya kujieleza.

"Hakuna kilichopungua, mama."

"Basi vizuri. Unacheza au unatazama? Kucheza ni mia mbili, dakika kumi."

Angeweza kuondoka. Basi la mwisho lilikuwa bado, pesa alikuwa nazo, na kwa mtu asiyejua hesabu ya vifaa angeonekana ameshinda. Lakini laki nne na nusu hazikununua hata nusu ya Bibie, na hazikununua ule mwaka kabisa. Aliitazama ndani ya wavu wake, taa yake ndogo ya kijani imewaka, inawafanyia kazi watu wasiojua hata jina lake. Akalipa mia mbili. Akapanga foleni nyuma ya dereva mwenye mvi na utingo wa lori la chumvi lililomleta.

Zamu yake ilipofika alicheza kama mtu anayezungumza lugha ya kwao baada ya safari ndefu. Alifunga la kwanza kabla mpinzani hajakaa vizuri. Akafunga la pili kwa kisigino, duka likapiga kelele, mtu akampiga mgongoni akamwita mchawi. Alikuwa anajiandaa kwa la tatu, yuko peke yake na mlinda mlango, aliposikia mkono wa mafuta begani.

"Muda umekwisha, kaka," alisema Kefa. "Simama, mwenzako akae."

Gasto alitazama rimoti. Alitazama kasha. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akachomoa noti ya elfu kutoka katikati ya zile laki nne na nusu, akampa mama Theodora bila kugeuza macho kutoka kwenye nyasi.

"Ongeza," alisema.